Kitakachotangulia

Kwenye kadi wameandika: miezi kumi na miwili
au kilomita elfu kumi na mbili,
kitakachotangulia.
Mie mkunga. Neno hilo nalijua
kuliko huyo aliyelipiga mhuri.
Kwetu hutangulia chupa, au uchungu,
na mara moja, Kangani, alitangulia mtoto,
mie bado nahangaika na kamba ya helmeti.

Masika hayajesha,
kioo cha dashibodi kikaingia ukungu kwa ndani
kama miwani ya mtu anayepakua ubwabwa.
Nane ikawa tatu. Mshale wa mafuta ukalala.
Kilomita zikaganda: elfu tisa, mia nne na kumi na moja.
Nimekwenda Kengeja nikarudi: kumi na moja.
Nimekwenda Wete usiku, pacha, wa pili katanguliza miguu: kumi na moja.
Chombo chenda, ushahidi hauendi.

Fundi Shaame wa Machomane katoa bisibisi,
kanitazama, kairudisha mfukoni.
"Nikitia mkono mie, waranti ndiyo basi.
Wapelekee wenyewe."

Wenyewe wako Unguja.
Nikalipa nauli mbili, yangu na yake,
kikafungwa kamba katikati ya matenga ya mashelisheli.

Kijana wa kaunta, Akida,
shati limepigwa pasi hata mikunjo inakata,
kagusa kioo kwa ncha ya kalamu.
"Haya maji."
Ndiyo.
"Maji hayamo kwenye waranti."
Nimeyatia mie?
"Sikusema hivyo. Unakiosha kwa mpira?"
Nikamwambia Pemba anakiosha Mungu.
"Basi andika barua."

Nikaandika. Wakasema tusubiri Dar.
Dar wanasubiri kiwanda.
Kiwanda kiko sikukuu.

Dhamana niijuayo mie ni ile ya kaka yangu Faki:
baba alikwenda kituoni na hati ya shamba,
alasiri Faki yuko nyumbani anakula.
Hii dhamana gani, ya kumzidisha mtu ndani?

Miezi mitatu nikaendesha bila tarakimu.
Mwendo naupima kwa mkono wa baibui unavyopiga,
kwa karafuu za Ole zilizoanikwa kando ya lami:
zikitetema, sawa; zikiruka, nimezidi, na mwenyewe ananitukana.
Mafuta nayatikisa, natega sikio.
Siku moja, hakuna mtu, nililiwekea tangi
pembe yangu ya kusikilizia matumbo.
Mlikuwa na kitu kidogo, mbali, kinacheza.

Ikaja. Nikaambiwa nilipe nusu,
hiyo nusu nyingine ni huruma ya kampuni.
Akida kaifunga, kawasha: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Kisha kaichukua kadi yangu, kaikunja uso.
"Tatizo sasa, hatujui chombo kimekwenda ngapi.
Waranti imeingia shaka."

Sikupandisha sauti. Nilimwomba ile ya zamani.
"Mali ya kampuni."
Kaitupa ndani ya boksi, juu ya nyingine kama ishirini,
zote zimetumbua macho.

Lakini zile elfu tisa zilikuwa zangu.
Mna pacha wa Wete humo. Mna wa Kangani.
Mna na mmoja wa Mtambile niliyemfikia
mama yake keshamfunika,
na kilomita zile za kurudi,
hizo Akida atazihesabu kwa nani?

Nashuka Mkoani, simu inalia.
"Bi Asaa, chupa imepasuka. Uchungu bado."
Nakiwasha. Sifuri zinang'ara, safi, hazijui kona hata moja.
Nusu ya mlima, manyunyu.
Nikasimama, nikavua kanga ya mabegani,
nikaizungushia dashibodi mara mbili,
nikaichomeka ncha kwa chini, vile tunavyowafunga,
nikaenda bila ya kuiona.