Robo Thelathini

Saa nane za usiku garaje ililia: paa!
Mara moja tu.
Nikajitupa kifudifudi katikati ya maua ya bosi,
nikasikia Muhumba nzima ikijilaza chini:
taa zikazimika nyumba kwa nyumba kuteremka hadi ziwani,
vitanda vikakwaruza sakafu,
Mama Nabintu akawahesabu watoto kwa kunong'ona
hadi watatu, akaanza tena moja.
Sisi wa Bukavu hatuulizi mlio umetoka wapi.
Tunalala chini kwanza.

Hakikufuata kitu. Mvua, na vyura.

Asubuhi bosi akabonyeza telekomande.
Mota ikanguruma darini, mnyororo ukakaza,
mlango ukainuka kiganja kimoja,
ukagoma.
Akabonyeza tena na tena, akasema mota imekufa,
mota ya pesa nyingi, iliyovuka mipaka mitatu.
Miaka sita nimelinda parseli ile, na mimi pia
niliamini kwamba mota ndiyo inayoinua.

Fundi Cishugi alifika kwa miguu kutoka Kadutu,
mfuko begani, kidole cha shahada nusu.
Mota hakuitazama. Alitazama juu ya kizingiti,
mahali ambapo sijawahi kupeleka macho:
resori, msokoto wa chuma mnene kama mkono wangu,
umekatika, umeachana upana wa vidole viwili.
"Huyu ndiye aliyewalaza chini," akasema.

Akanionyesha huku akifungua nati,
maana bosi alikuwa kwenye simu.
Vipande vinne vya bati, kilo mia na kitu,
vimeshikana kwa bawaba ili vipinde kwenye kona.
Vigurudumu kumi ndani ya reli,
vyote vikavu, mimi ndiye nilipaswa kuvipaka mafuta.
Waya mbili zimeshika miguu ya mlango, chini kabisa,
zinapanda kuzungukia ngoma mbili zisizopigwa,
ngoma zimekaa kwenye mhimili mmoja,
na mhimili umevishwa resori.
"Mlango ukishuka," akasema, "uzito wake haupotei.
Unaingia humu, unajisokota, unangoja.
Kesho asubuhi ni huo huo unaoupandisha.
Mota ni kijana wa kusukuma kidogo tu kwa nyuma."

Nilimkumbuka mama,
kamba kwenye paji la uso, anapanda kutoka bandarini
na gunia la muhogo zito kuliko yeye,
na baba, kwenye kiti cha mlangoni,
akiwaambia wageni namna alivyotusomesha.

Cishugi akatoa fito mbili za chuma.
"Simama pembeni. Pembeni kabisa."
Akaniinulia ile nusu ya kidole, sikuuliza.
Akachomeka fito, akakaza robo ya mzunguko.
Akachomeka ya pili, akachomoa ya kwanza. Robo.
Mimi nikapewa kazi ya kuhesabu,
nikahesabu kwa sauti, hadi robo thelathini,
na kila robo chuma kililalamika chini chini
kama mtu anayekubali jambo gumu.

Halafu akavuta kamba nyekundu, akaiachisha mota kazi.
Kwa mkono mmoja, mkono ule ule wenye upungufu,
akainua mlango hadi kiunoni
akauachia.
Ukabaki pale. Haukupanda, haukushuka,
kilo mia na kitu hewani, kimya,
na kuku wa jirani akapita chini yake bila haraka.
Sijawahi kuona kitu kimetulia vile.

Bosi akaja na funguo za gari.
Akabonyeza. Mlango ukakunja shingo, ukapanda, ukalala darini.
"Unaona?" akaniambia. "Mota nzuri."
Cishugi alikuwa anafuta mikono. Akaomba malipo yake.

Siku hizi, katika mzunguko wa usiku,
namulika tochi juu ya kizingiti, naendelea.
Mama Nabintu bado anahesabu, ninamsikia dirishani.
Na maua niliyoyalalia
hayajainuka.