Kitendawili cha Dobi

Babu yangu Lali Shekuwe alikuwa dobi.
Hakuwa askari. Hilo alilisema kila Ijumaa
akipiga pasi kanzu za watu, mtaa wa Langoni,
kana kwamba kuna mtu amemuuliza.

Usiku alitutega kitendawili kimoja, kile kile:
nimefumba macho, nikaiona mifupa ya mkono wangu.
Tukajibu kifo. Tukajibu ndoto, njaa, taa ya karabai.
"Nipeni mji."
Tukampa Siyu, tukampa Pate, Mombasa, hata Maskati.
Akafika kote, akanywa kahawa, akarudi,
jibu hakulitoa.

Leo nimekaa sakafuni na kopo lake la biskuti.
Mna karatasi ya jeshi la majini,
kidole gumba mahali pa sahihi,
na sharti la kutosema hadi kaburini,
kwa lugha asiyoisoma.
Mna beji ya plastiki, filamu yake imeiva weusi.
Si yake. Afisa aliisahau katika mfuko wa shati.
Dobi hapewi beji.

Kisiwa hakina jina kwenye karatasi.
Waliambiwa wageuke, wafumbe macho.
Kisha zikamjia nguo za kikosi kizima
zenye vumbi laini kama unga wa ngano;
akazikung'uta, akazifua kwa mikono,
siku kumi na tisa,
akipiga mluzi, nadhani. Alipenda mluzi.

Shangazi Mwanahalima ana mshono shingoni kama kidani.
Ami Famau alipewa jina siku ya saba, ya nane akazikwa.
Mimi huhesabiwa damu kila miezi mitatu.
Sisi tuliita kijicho. Tulifukiza ubani,
tukamshuku Bi Zena wa nyumba ya pili,
miaka arubaini hatukumwamkia.

Mimi ni mchoraji, sina kazi nyingine ninayoiweza.
Nimetandika mashuka yake manane darini,
nimekoroga buluu ya kufulia,
nikalaza mkono, nikanyunyiza.
Ukiunyanyua hubaki mkono mweupe.
Ndani yake natia mifupa, mmoja mmoja,
kwa kijiti cha wanja.
Shuka la tatu paka kapita juu yake. Nimeliacha hivyo.

Mama kasimama ngazini:
"Tima, waanika siri ya nyumba?"
Naanika nguo, Mama. Hazijapata kukauka.

Bi Zena nilimwita mwenyewe. Alipanda kwa kushika ukuta,
akatazama shuka baada ya shuka,
akauweka mkono wake juu ya mmoja, ukaenea.
Hakusema tumesameheana. Aliomba maji.

Wenye karatasi niliwaandikia barua tatu.
Wamejibu moja: kumbukumbu hazipo.
Basi wameshindwa.
Nipeni mji.
Siyu siitaki, Maskati siitaki.
Nipeni kile kisiwa.
Jina lake tu.