Kifungu cha Kumi na Nne

Kazini natafsiri sheria za hewa.
Wakubwa huziandika kwa lugha yao ya ofisi,
mimi nazipa Kiswahili cha mtu anayenunua sukari robo.
Niliandika "ndege isiyo na rubani", nikafuta:
rubani yupo,
kajibanza nyuma ya jengo, kidole gumba kikisokota.

Kifungu cha kumi na tatu kimekwisha:
uzito, usajili, ada, umbali kutoka uwanja wa ndege.
Cha kumi na nne kina kichwa tu,
STAHA YA WALIO CHINI,
kisha karatasi, nyeupe pe.

Jumamosi, Pipeline, juu ya ghorofa ya nane
ambapo kamba za nguo ndizo bustani yetu,
Kalekye alikuwa akianika.
Alidhani ni nyuki. Alidhani ni jenereta ya kinyozi.
Kidude kikaja kikasimama usawa wa kifua chake,
jicho moja, halipepesi.

Tuliambiwa kuta zina masikio.
Hewa, hakuna aliyetuonya.

Hakuuliza leseni.
Mkononi alikuwa na blanketi lililolowa, zito kama mgonjwa;
akalirusha.
Vyote viwili vikatumbukia kwenye tangi lisilo na kifuniko,
kikavuma kidogo chini ya maji,
kikanyamaza.

Saa moja jioni wako mlangoni kwangu,
Kalekye na karai lake,
na kijana, Ochwada, aliyepanda ngazi zote mbio,
bado kashika kiongozeo cha mnyama aliyekufa.
"Wewe ndiwe mtu wa sheria."
Mimi ni mtu wa nukta na mkato.
Niliwaambia. Hawakusikia.

Ochwada akaapa: hapigi watu.
Ajenti alimtuma paa, nyufa, matangi.
Mkopo ni wa chama, imebaki miezi kumi na moja.
"Kwani mimi ni ufa?" akauliza Kalekye.
"Na sidiria yangu ni tangi?"
Nilijiuma mdomo nisicheke.

Kisha akaliangalia karai, sauti ikashuka.
Aprili, barabara zikiwa mito,
damu ya dada yake Ndunge ilikuja na kitu kama hiki,
sanduku limening'inia kwa uzi
hadi uani mwa hospitali.
Mtoto wanamwita Mumbua, kwa ajili ya ile mvua.
Akakigusa kibawa kimoja kilichopinda
kama mtu aliyempiga kofi ndugu wa mfadhili wake.

Nikaiona miaka kumi ijayo:
supu, dawa, hati za mahakama zikipita dirishani,
foleni ya angani kuishinda ya Jogoo Road,
mwenye nyumba akihesabu vichwa vyetu kitandani,
mume wa zamani akijua umepika nini.
Na korongo wa Barabara ya Mombasa,
wale wazee wa jalala wasiolipa ada,
wamehamia wapi?

Kalekye akaleta mchele, kilo mbili za pishori.
Tukakizika humo, mabawa nje kama panzi.
"Mchele wangu nautaka kesho, nina wageni.
Na hiki kikifufuka, kitasimama wapi?"

Ochwada akanyosha mkono, kiganja chini, usawa wa pazia.
Kalekye akamshika kifundo, akaupandisha.
Akaupandisha tena,
mpaka kijana akasimama kwa ncha za vidole.
"Hapo. Na kabla ya kuja, kibishe hodi."

Nikaandika: *hodi*.
Wakubwa hawana neno hilo.
Jumatatu watanipigia simu kuuliza maana yake,
na safari hii wao ndio watakaotafuta mtafsiri.

Usiku wa manane, ndani ya mchele,
taa ndogo nyekundu ikawaka, mara moja tu.
Nikaamka, nikachukua leso,
nikalifunika jicho.