Mpaka Unaohama

Kumi na mbili, akasema nesi Mzia,
kana kwamba anataja bei ya vitunguu.
Kumi na mbili ya nini? nikauliza.
Ya risasi, mama. Katika damu ya Bachana.

Jemal akacheka, mume wangu,
anayetembea na risasi yake nyongani tangu vita,
risasi iliyoingia kwa mlango tuliouona sote,
ambayo daktari wa Kutaisi alisema: iacheni, imeshazoea.
"Mimi ninayo nzima na bado napasua kuni.
Huyu wa miaka minne, kapigwa na nani?"

Nutsa, mkwe wangu, hakucheka.
Akaenda jikoni,
akarudi na kopo langu la unga wa maua ya manjano,
akaliweka kati ya jibini na ugali
taratibu, kama mtu anayeweka kisu.

Nilisema yote. Sioni haya, nilisema yote.
Kwamba miaka thelathini na moja nauza viungo sokoni Zugdidi
na hakuna aliyerudi akilia.
Kwamba mama yangu aliutia unga huu kwenye kuku wa mwaka mpya
akazikwa na meno yake yote.
Nikasema: tazameni rangi ya dirisha, inabanduka kama magamba ya samaki.
Tazameni bomba, limezika serikali tatu.
Na moshi wa petroli ya zamani, nani hakuuvuta?
Mbona kopo langu pekee ndilo lenye kesi?

"Hayo pia, mama," akasema Nutsa. "Hayo pia.
Lakini dirisha sikumpakulia mimi kwa kijiko."

Gocha, mwanangu, mpenda suluhu, akafungua karatasi ya nesi:
zamani mpaka ulikuwa juu,
wakaushusha,
wakaushusha tena,
na sasa wanasema hakijulikani kiasi kilicho salama.
Jemal akapiga meza, chumvi ikaruka.
"Mpaka unaohama! Mimi unifundishe mpaka unaohama?
Jioni miti yako ya jozi iko upande huu.
Asubuhi pana waya, na kijana mwenye bunduki
anakudai pasi ukaokote jozi zako mwenyewe!"
"Baba," akasema Gocha, "huu uliwafuata watoto waliopimwa."

Tukala. Yaani, tuligusa vijiko.

Sasa niseme lile nililoliacha mezani.
Unga wa ua hili ukikauka huwa hafifu,
rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili.
Zaliko alipoleta gunia lile, lilikuwa kiini cha yai,
liliwaka hadi kwenye dari ya kibanda.
Kizuri chajiuza, na ile manjano ilijiuza
kabla sijafungua kinywa.
Ilikaa kwenye kucha zangu siku tatu.
Ua gani hukaa kwenye kucha siku tatu?
Nilijua.
Hapana, sikujua.
Nilijua namna ya kutouliza.

Haba na haba hujaza kibaba:
nimeisema maisha yangu yote, nikihesabu sarafu,
wala sikuwahi kujiuliza
kama kibaba kinaweza kuwa na miguu,
na viatu vyekundu, na kushoto kimevaliwa kulia.

Bachana amechelewa kusema.
Labda ni hiyo. Labda kamfuata babake,
aliyenyamaza mpaka miaka mitatu kisha akaomba siagi.
Nimemwomba nesi Mzia aape. Hakuapa,
si upande wangu wala upande wa Nutsa.
Alisema tu: acheni kumwongezea.

Sokoni sasa nauza ule hafifu.
Wanauchungulia, wananipa pole, wanahamia meza ya jirani.

Na gunia lipo. Kilo tisa.
Mtoni siwezi, watu wanavua.
Bustanini siwezi, pana vitunguu.
Moto? Nutsa alisema moshi nao una pa kwenda.
Basi limekaa barazani, kwenye kiti cha mgeni,
limefungwa mdomo kwa kamba mbili,
na Bachana, kila akipita,
hulipungia mkono.