Maji Yanajua Kutua

Kijana wa kuongoza, Cirhuza, buti za mpira hadi magotini,
alituambia pale kwenye kibanda cha tiketi:
"Njia hii ni nyepesi. Saa moja kwenda, saa moja kurudi.
Hata bibi huyu ataiweza."
Mama akacheka kwa pua.
Kadutu nzima inakijua kicheko hicho.

Miaka ishirini na saba aliupanda mlima wa Bukavu,
toka bandari ya Muhanzi hadi sokoni:
mihogo, makaa, saruji, mara moja jeneza tupu,
ukanda ukivuta paji la uso,
macho chini, chini, chini.
Ziwa lote lilikuwa nyuma ya mgongo wake
naye hakuliona. Aliona visigino
vya mwanamke wa mbele.

Leo hana kitu. Hata mkoba wake nimeushika mimi.
Mkono mmoja una mwavuli, wa pili haujui uende wapi.
Tunashuka kati ya mikaratusi na migomba,
njia imefagiwa, ngazi za udongo zimetiwa magogo,
pana kamba ya kushika penye utelezi,
na bado anatembea ameinama,
kama anayevuta kitu tusichokiona.
"Inua kichwa, Mama."
"Nikiinua," anasema, "nitaanguka."

Kisha korongo.
Halikupiga hodi.
Kuta mbili za mwamba mweusi, zimelowa, zina ndevu za kijani,
na katikati mfereji ambao maji yameuchimba
kwa subira tu, bila sururu.
Mimi nikatafuta simu nipige picha.
Mama akapitisha kidole ndani ya ule mfereji,
polepole, halafu kidole kilekile, kikidondosha maji,
akakipeleka kwenye paji lake la uso
pale ukanda ulipochimba.
Hakusema neno.
Nikairudisha simu mfukoni.

Maporomoko yenyewe si makubwa,
usidanganywe na bango la barabarani.
Urefu wa ghorofa nne za kule Nguba, labda tatu.
Lakini sauti!
Soko la Kadutu saa nne asubuhi,
wote wanabishana bei na hakuna anayeshusha.
Ukungu ukatulowesha kope.
Mama akasimama. Akasimama wima,
nami nikagundua, na umri huu wangu wa miaka thelathini na miwili,
kwamba ananizidi urefu.

"Unaona?" akanipigia kelele sikioni.
"Yamebeba tope la mlima mzima.
Yakifika ukingoni, yanatua.
Na watu wanakata tiketi kuja kuyatazama yakitua!"
Akacheka tena, sasa kwa mdomo wote.
"Mimi nilipotua, nani alikuja?"

Cirhuza akayatazama buti zake.

Wakati wa kurudi akawa anayumba,
mara kulia, mara kushoto, kama mashua iliyopakuliwa.
Akaketi. Akavua viatu. Akaingia majini hadi kwenye vifundo
akachagua jiwe, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga,
akalifunga mgongoni kwa kitenge.
"Mwili huu haujafundishwa kurudi mtupu."
Nikanyoosha mikono nimpokee.
Alivyonitazama, nikairudisha.
Akakipanda kilima kile bila kupumzika,
Cirhuza nyuma akihema, buti zikilia kwata, kwata.

Jiwe liko nyumbani sasa. Linauzuia mlango
upepo wa ziwani usiubamize.
Asubuhi hulisukuma kwa mguu,
jioni hulirudisha kwa mguu uleule.
Wageni hujikwaa.
"Pole," huwaambia, bila kuinuka kwenye kigoda.
"Hilo sikulipwa kulibeba."