Mikia Mitatu

Shanga kwanza. Ukisahau shanga
utafumua kila kitu, na usiku utakwisha.
Naivisha nchani mwa ndoana, tundu dogo likitangulia,
inapita kona, inagota jichoni,
kisha naibana ndoana kwenye jiliwa
aliloniachia Ctibor pamoja na deni la kuni.

Halafu risasi, mizunguko kumi na miwili.
Wanaovua juu, kwenye maji membamba, huomba minane;
wa chini ya daraja, pale mto Orava unapokunja uso,
hutaka kumi na sita, na huongeza senti.
Mimi maji siyajui. Mizunguko naijua.
Miaka ishirini na mitatu nilisokota koili
katika kiwanda cha televisheni,
waya mwembamba kama unywele wa kichanga,
msimamizi Hudec akipita nyuma yetu
akihesabu kwa midomo bila sauti.
Kiwanda kilipofungwa nilitoka na bobini mbili za shaba
ndani ya sidiria.
Hudec aliona. Akageukia dirisha.

Shaba ile ndiyo inayometa sasa
tumboni mwa kila tunutu ninayemfunga.

Mkiani, nyuzi mbili za unyoya wa kwale.
Mwilini, manyoya ya sikio la sungura pori,
nayasokota kwenye uzi wenye nta
mpaka yafanane na uchafu wa kufagia chini ya kitanda;
naacha yanenepe kifuani, yasimame ovyo,
maana nadhifu sana hauzwi.
Shingoni uzi wa rangi ya chungwa, mara tatu tu.
Fundo linajimeza lenyewe. Tone la vanishi.
Basi, ana uzito wa kuzama
kabla mto haujamuuliza anakwenda wapi.

Theluji ilipoyeyuka mwaka huu, Vratko,
anayeninunulia dazeni kila Ijumaa kaunta ya baa,
aliniuliza: Shangazi Blažena,
hivi umewahi kumwona mmoja aliye hai?

Nilivaa mabuti ya Ctibor, soksi jozi mbili.
Maji yaliniuma magoti hadi nikamtaja mama.
Vratko akainama, akageuza jiwe, akaniletea usoni
upande ule wa giza, unaochuruzika,
na kitu bapa kikakimbia kando
kama kibarua aliyesikia kengele ya zamu.
Miguu sita. Mbavuni vijani vya kupumulia, vinapepea.
Mikia mitatu.
Nikahesabu tena, kwa midomo, kama Hudec.
Mitatu.

Miaka kumi na mmoja nimewafunga kwa mikia miwili!
Elfu ngapi, Mungu wangu,
nimewatuma mtoni wakiwa na upungufu,
na hakuna aliyerudi kulalamika.

Vratko alicheka hadi akashika tawi la mti.
Trauti hahesabu, alisema,
na kweli, kabla jua halijatoka kwenye misonobari,
alimvuta mmoja, madoa mekundu, taya limekasirika,
na mdomoni, pembeni, tunutu wangu mwenye mikia miwili.
Akamchomoa. Akamwachia aende.
Mimi nililirudisha jiwe lilivyokuwa,
nikalikandamiza kidogo, kama mtu anayefunika mtoto.

Usiku huu taa nimeisogeza mpaka inaniunguza paji.
Nyuzi tatu. Wa tatu hautaki,
unapinda kushoto, unalala juu ya mwenzake,
naufungua, naulamba, naufunga tena.
Trauti hahesabu. Vratko hahesabu.
Saa tano na robo imesimama yote mitatu,
imeachana vizuri, kama vidole vya anayesema mwaka wake.
Nikapanda na shaba, nikapanda na manyoya,
nimefika shingoni, naukata uzi wa chungwa,

ndipo naiona shanga
pale kwenye kisahani, mviringo, inang'aa,
inanitazama.
Nafumua.