Mita Tatu

Brno, mwezi wa pili. Chini ya Mtaa wa Wafinyanzi
kuna mtaa mwingine usio na maduka.
Naushukia kwa ngazi ya chuma, vidato hamsini na sita.
Huko hakuna usiku wala mchana, kuna namba tu:
bomba la mvuke kulia, limevishwa blanketi la fedha,
nyaya nene kama mkono wa mtoto zimelala rafuni,
maji, simu, na harufu ya zege lililozeeka bila kuona jua.
Tramu ikipita juu, dari hukohoa.

Mimi ni Zdislava Kubíčková, mkaguzi daraja la pili.
Kazi yangu ni kusema hapana kwa watu wenye haraka.
Kifungu cha kumi na nne nakijua kama jina la mama:
asichimbe mtu kwa mashine ndani ya mita tatu
kutoka mstari wa handaki kama ulivyo ramanini;
asipigilie nguzo, asirundike udongo, asisimamishe winchi
bila kibali, na kibali bila muhuri si kibali.
Sheria ni msumeno, husemwa. Huu wangu
hukata siku za watu, na wenye siku hawanipendi.

Bwana Ctirad Vomáčka anajenga hoteli.
Ana mkopo, ana riba, ana tarehe ya kukata utepe.
Aliniletea kahawa kwenye kikombe cha karatasi.
"Mama Mkaguzi, nimepima. Mita tatu na nusu.
Nimetii mpaka nukta."
Nikapima. Kweli alikuwa ametii.
Nikatoa muhuri, nikaupulizia pumzi; wino ulikuwa umeganda.

Hapo Radim Hlaváč akazima katapila.
Akashuka, akaenda kusimama
mahali ambapo theluji haikushika.
Ukanda mweusi, wenye majimaji, upana wa kitanda,
ulifuata mstari wetu wa rangi nyekundu, halafu ukauacha,
ukapinda kushoto kama mtu aliyeitwa jina lake.
"Theluji haisomi ramani," akasema.
Ndiyo sentensi ndefu niliyowahi kuisikia kwake.

Tukachimba kwa koleo. Yeye, mimi,
na Ostap, kijana wa Kiukreni mwenye glavu moja.
Vomáčka akihesabu dakika kwa sauti.
Kina cha kiuno, koleo likalia ngee.
Zege. Paa la handaki,
hatua moja kutoka kigingi cha nguzo ya kwanza.

Ramani ilitiwa saini mwaka sabini na nne: B. Kubíček.
Baba yangu. Ile K yake yenye mguu wa kupiga teke.
Mstari wake umenyooka kama pasi ya suruali ya Jumapili.
Sijui kwa nini handaki lilipinda na kalamu isipinde.
Huenda mwamba. Huenda ulikuwa mwisho wa mwezi
na mkubwa wake akitaka karatasi mezani.
Huenda hakuwa akilala. Mwaka ule ndio niliozaliwa.

Nikarudisha muhuri mfukoni.
Vomáčka akamtaja wakili, akamtaja meya,
akakitaja kifungu cha kumi na nne neno kwa neno,
vizuri kuliko mimi.

Usiku nikaandika pendekezo la marekebisho:
kabla ya mashine, koleo.
Ofisi imejibu kwa maswali. Koleo la ukubwa gani?
Litalipiwa na nani? Je, theluji ni ushahidi?

Sijawaambia jambo moja.
Leo asubuhi nimeshuka tena vile vidato,
nikatembea mpaka pale pembeni, bomba linapogeuka.
Rangi ya ukuta imesuguliwa na mabega ya wapitao.
Miaka kumi na tisa nimepita kona ile kwa miguu yangu,
taa mkononi, ramani kwapani,
na kila mara bega langu liligusa ukuta.